Shamba Tulilopanda Bila Mbegu

Wakati wa Mjerumani, reli ilipokuwa inakaribia Dodoma, mimi nilikuwa sinunui hata chumvi bila kuivuta bei chini na kuipima mara mbili. Kwetu Ugogo kihenge cha nafaka ni cha mke. Mume, hata awe na ng'ombe wengi kiasi gani, haingizi mkono humo. Ndiyo maana kwenye mafundisho ya ubatizo, mwalimu aliposema mke amtii mume katika mambo yote, nikanyoosha mkono.

"Yote, mwalimu? Hata kihenge?"

"Yote, mama."

"Punguza kidogo."

Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakupunguza. Nikabatizwa kwa bei hiyohiyo.

Kiangazi kile mume wangu akaniamuru nifungue kihenge. Uwele wa kula ulikuwa umekwisha, imebaki mbegu tu, na watu wa kambi ya reli walikuwa wananunua nafaka yoyote.

"Baba, hiyo ni mbegu. Mvua ikija tutapanda nini?"

"Mungu atatupa nyingine. Au umeshasahau ulichoahidi?"

Nikafungua. Nikapima mara mbili, mazoea tu. Akaipeleka kambini, akarudi na koti jeusi, la kukalia mbele kanisani.

Mvua ikaja, tena nzuri. Nikamwomba ruhusa niende kwa dada yake kuomba mbegu. Akakataa, watu wangesema nyumba hii haina kichwa.

"Chukua jembe, nenda shambani kama wenzako."

Nikaenda. Nachimba shimo, nafukia. Nachimba, nafukia. Wifi yangu, ambaye shamba lake limepakana na letu, akasimama kunitazama.

"Wifi, mbona unapanda mkono mtupu?"

"Kaka yako amenikataza kuomba."

Akaja na kibuyu chake cha mbegu. "Hujaomba. Mimi nakupa. Pokea."

Hoja kama hiyo, sokoni, ningeshinda nayo siku nzima. Lakini nilimjua mume wangu: alichokataza ni mbegu ya watu kuingia shambani kwake. Nikatikisa kichwa.

"Basi utawapikia watoto huo utii?"

Nikafukia shimo lililokuwa mbele yangu, nikahamia jingine.

Jioni mume wangu akapita na koti lake, akaitazama mistari.

"Umepanda vizuri, mama."

Watoto walikuwa nyuma yake, wananiuliza uwele utaota lini.