Mama Bisibisi na Kompyuta Zilizofutwa

Wifi yangu hana subira na mtu anayesema kitu kimekufa. Mwambie kompyuta imekufa, atakuuliza mazishi yalikuwa lini, kisha atachomoa bisibisi kwenye kilemba chake na kuanza kazi. Mtaa mzima unamwita Mama Bisibisi, ingawa bisibisi hakuizaa yeye.

Karakana yake ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, tunamoishi sote. Humo kompyuta kuukuu hufunguliwa kipande kwa kipande: vyuma huku, plastiki kule, betri kwenye ndoo ya mchanga zikisubiri gari la kiwanda. Nyaya anazichuna kwa kisu mpaka shaba itoke inang'aa. Kuchoma hataki hata kusikia, na sababu iko chumba cha mbele.

Chumba hicho ni cha mama mkwe, na dirisha lake linatazama jalala. Pale jalalani kuna watu wanaochoma nyaya ili plastiki iungue, ibaki shaba. Mama ana kifua kibovu. Moto ukiwashwa tu, anakohoa mpaka anashika ukuta, kwa hiyo dirisha tulilipigilia misumari. "Mimi na dirisha langu hatusalimiani tena," alikuwa akisema, nasi tunacheka ili tusilie.

Wifi aliwahi kuwafuata wachomaji, akawaomba waache. Walimjibu kwa adabu. "Dada, tuletee kazi nyingine, moto tutauzima hata leo." Kazi ya kuwatosha hakuwa nayo, akarudi nyumbani.

Basi zahanati ya mtaa ikanunua kompyuta mpya. Wifi alimwendea daktari mkuu, akaomba zile za zamani. Daktari akakubali kumjaribu kwa mzigo mmoja. Akiufanya vizuri, vifaa vyote vikuukuu vya zahanati anazozisimamia vitakuja kwetu. Akivuruga, vitakwenda jalalani kama kawaida, yaani motoni, yaani kifuani kwa mama. Daktari akaagiza mbele yetu kwamba kompyuta zote zifutwe kabla hazijatoka.

Zikaja, kila moja ina karatasi iliyoandikwa IMEFUTWA kwa mwandiko wa kupendeza. Nilisaidia kuzishusha. Zilikuwa zinang'aa hata unajiona, nikasema moyoni, hawa watu wana heshima.

Wifi huiwasha kila mashine kabla ya kuifungua, aone kipi bado kinafaa. Akawasha ya kwanza. Skrini ikajaa majina ya wagonjwa, na mbele ya kila jina ugonjwa wake. La juu kabisa lilikuwa la fundi cherehani, jirani yetu. Nikavuta kigoda. Wifi akachomoa waya ukutani.

"Ngoja basi," nikasema. "Sijafika kwenye ugonjwa."

"Wako wewe naujua, na hauna dawa."

Akaigeuza skrini ikatazama ukuta. Nikamshauri, na mpaka leo naona ulikuwa ushauri wa mtu mwenye akili. "Toboa diski zote zenye majina hayo, ukae kimya. Ukienda kusema siri zao zimefika uani kwetu, wataogopa, watazibeba zote. Usijipalie makaa."

Alijua ni kweli. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kutoka chumba cha mbele tukasikia kile kikohozi.

"Nikinyamaza leo, kesho watazitoa hivihivi tena," akasema. "Siku moja zitaangukia kwa mtu mdaku kama wewe, na kwake hakuna mtu wa kuchomoa waya. Mficha maradhi, wifi..."

"Kilio humfichua," nikamalizia, shingo upande.

Tukaenda. Daktari alimsikiliza huku uso unazidi kukunjamana, kisha akamwita mama wa usafi.

"Zile kompyuta zilifutwa?"

"Zilifutwa, daktari. Kwa kitambaa na sabuni kidogo. Hata nyuma nilifuta, palikuwa na utando wa buibui. Na karatasi nimeziandika mwenyewe."

Daktari akajishika paji la uso. "Na ni mimi niliyesema zifutwe," akasema, akaanza kucheka mpaka akavua miwani. Mama wa usafi naye akacheka, ingawa nadhani hakujua bado anacheka nini. Wifi peke yake hakucheka.

"Umesoma majina mangapi?" daktari akamuuliza, sasa bila utani.

"Moja, daktari. Huyu wifi yangu moja na nusu."

Siku hiyohiyo daktari alikuja uani kwetu. Alisimama kwenye vumbi la chuma, wifi akitoboa diski kwa drili moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. "Habari hii ningeweza kuisikia sokoni," akasema. "Nimeisikia kwako. Kazi ni yako."

Lori la mzigo uliofuata lilipita mbele ya jalala bila kusimama, likaja mlangoni kwetu. Nilipiga vigelegele, sioni aibu. Wifi alichukua visu vyake vyote akavuka barabara. "Mlisema niwaletee kazi," akawaambia wachomaji. Shaba isiyoungua huuzwa ghali kuliko ya moshi, kwa hiyo hakuwabembeleza. Wenyewe waliumwagia moto maji.

Misumari ya dirisha aliing'oa wifi. Mama mkwe alichukua kitambaa kibichi akapangusa kioo na kizingiti, kitambaa kikatoka cheusi tititi. Kesho yake akapangusa tena. Tulikuwa karakanani, wachomaji wa zamani wakichuna nyaya, akaja mwenyewe kwa miguu yake, bila kukohoa, akatuonyesha kitambaa pande zote mbili. Kilikuwa cheupe.

"Sasa hii," akasema, "ndiyo IMEFUTWA."