Siku Nilizomwongezea Mbunge

Mzee niliyemtunza kule ughaibuni, mjini Gaithersburg, macho yalikuwa yamemwisha, ila alikuwa na kitabu cha kumaliza. Aliandika maisha ya Mwingereza wa miaka mia mbili na ushei iliyopita, mwenye mashamba na mbwa wa kuwindia, aliyekaa bungeni miaka ishirini bila kufungua mdomo. Mbunge bubu! Kwetu Nyahururu tungemtoa uchaguzi wa kwanza.

Niliajiriwa kumwogesha, kumpikia na kumpa dawa. Kumsomea shajara ya mbunge nilijikuta nimebebeshwa tu. Alitaka siku moja ya shajara kila asubuhi, baada ya uji, kisha aizungumzie kwenye kinasa sauti.

Ikafika siku mbunge aliandika kwamba kidole gumba cha mguu wa kushoto kimevimba. Kesho yake nikamvua mzee soksi, nikakuta gumba la kushoto limevimba, jekundu. Nikajiambia ni uzee. Mbunge akaanza kukohoa, mzee naye akakohoa. Mbunge akachukia nyama, mzee akasukuma sahani. Mimi ni mtu wa kanisa, mambo hayo siyaamini, lakini jamani, mwili ulinisisimka.

Nikachungulia mwisho wa shajara. Zilibaki siku nne, kisha kurasa tupu. Niseme ukweli, nilikuwa nimempenda yule mzee, na sikutaka afe.

Basi nikaziruka zile nne, nikaanza kutunga. Mbunge kaamka mzima. Mbunge kakagua ng'ombe, kala mahindi na maharagwe, kampelekea jirani maziwa. Uvimbe ukashuka. Mzee akaomba nyama. Wiki tatu nzima, nikiendesha gari kutoka kwangu Germantown, badala ya kusali nilikuwa natunga. Nikampa mbunge hata mbuzi aliyezaa mapacha.

Asubuhi hiyo ya mbuzi mzee alizima kinasa sauti.

"Hakuwahi kufuga mbuzi," akasema.

Nikaifunga shajara.

"Shajara hii niliisoma yote nilipokuwa na macho. Siku zako ni nzuri, nimezifurahia. Lakini siwezi kuziweka kitabuni. Nisomee zile nne."

Nikamwambia sitaki, na kwa nini sitaki. Nilidhani atanicheka. Akasema vidole vya miguu yake vilimwambia hayo kabla yangu, akaniomba tena kwa upole, na hapo nikalia.

Nikamsomea, moja kila asubuhi, maana alikataa tuziunganishe. Siku ya kwanza uvimbe ulirudi. Ya tatu hakugusa uji. Ya nne ilikuwa mstari mmoja tu: mvua, na miguu yangu haipati joto. Mzee aliurudia polepole kwenye kaseti, akasema kitabu kimekwisha, akaegemea mto.

Nje jua lilikuwa linawaka. Nikapiga magoti, nikaingiza mikono chini ya blanketi, nikaishika miguu yake, nayo ilikuwa ya baridi. Nikaanza kuisugua. Binti yake alipofika jioni alinikuta bado naisugua.