Kichwa Iko, Mkia Iko

Harufu ya Ijumaa alasiri ndiyo iliyokuwa kalenda yetu. Mtaa wetu pale Migori, nyuma ya soko, ulijaa Wasabato, nasi hatukupika Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa, jua likianza kuteremka, kila mlango ulitoa jiko lake barazani na moshi wa makaa ukapanda kwa pamoja. Ukisimama mwanzo wa kichochoro ungejua hali ya kila nyumba kwa pua tu: hapa omena, wale dagaa wa ziwani, pale omena, kwa Mama Boke ndizi, kwetu omena tena. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na samaki mkubwa, mbuta, alikuwa ametuhama. Alivuliwa Karungu, akawekwa barafu, akapelekwa kwenye kiwanda cha minofu huko Homa Bay, na kutoka huko akaenda kuliwa na watu tusiowajua. Sisi tuliachiwa harufu ya lori. Umaskini ule hatukuuonea haya, maana ulikuwa wa wote na ulipikwa hadharani. Kosa lilikuwa kupika ndani.

Na Nyar Mfangano alianza kupika ndani. Tulimwita hivyo, yaani binti wa kisiwa cha Mfangano, kwa desturi ya Wajaluo ya kumwita mwanamke kwa alikotoka. Alipanga chumba cha mwisho kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupangisha, yeye na binti yake Atieno, rafiki yangu wa kuruka kamba na kugawana penseli. Mumewe alikuwa amekwenda Isebania kutafuta kazi ya kupakia malori, na hakurudi wala kutuma salamu. Ghafla mama huyu akawa anaingiza jiko ndani, anafunga mlango, na moshi unachungulia chini ya mabati. Harufu yenyewe haikuwa ya omena. Ilikuwa nzito, ya mafuta, ya watu walioshiba. Mama Boke, jirani yetu Mkuria aliyeuza ndizi, aliinusa, akatema mate kando, akasema, "Huyu mama kuna kitu anaficha." Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, sisi tulikaa barazani kulingoja lije.

Pengine maneno yangeishia hapo, lakini wiki hiyohiyo kichwa cha mfereji wetu wa pekee kiliibwa. Kilikuwa cha shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawakukosekana mjini. Tuliamka tukakuta bomba limezibwa kwa kijiti kilichochongwa vizuri, wala tone la maji halikupotea. Hakuna aliyejiuliza ni mwizi gani mwenye adabu kiasi hicho. Msimamizi wa ploti, Mzee Ondiek, mtu wa kofia na kikohozi, alitangaza kwamba mwizi akijulikana atahama siku hiyohiyo na vyombo vyake. Tukaanza kuteka maji mtoni, na kila aliyepanda kilima na mtungi kichwani alipanda akiwaza jina la mtu. Aliyevaa kandambili mpya alitakiwa kueleza. Mama yangu, aliyekuwa akianika sufuria nje tangu nizaliwe, akaanza kuziingiza ndani. Hata salamu zilifupishwa.

Ijumaa iliyofuata mama alinipa kigae cha kubebea makaa. "Nenda uombe moto kwa Nyar Mfangano," akasema. "Na uende na macho." Jiko letu lilikuwa linawaka tayari, nililiona, na nilielewa. Nilibisha hodi. Mlango haukufunguliwa, ila sauti ya Atieno ikatoka ndani: "Moto bado haijashika." Nikazunguka nyuma, pale mabati makuukuu yalipokuwa na matundu ya misumari ya zamani, nikaweka jicho. Juu ya jiko kulikuwa na karai. Upande huu wa karai kichwa cha mbuta, mdomo wazi, kikubwa kuliko cha mtoto mchanga. Upande ule mkia, umesimama kama jembe. Katikati mchuzi ukichemka. Nilikimbia hadi nyumbani bila kupumua. "Mama, wanakula mbuta mzima! Kichwa iko, mkia iko!" Wanawake walinizunguka, wakanitaka niseme tena, nami nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Nilikuwa na miaka tisa na sijawahi kusikilizwa hivyo. Nilifurahi, na furaha ile ndiyo inayonichoma hadi leo.

"Si niliwaambia?" Mama Boke akasema. "Wamekula mfereji wetu na mchuzi."

Waliingia wanawake watano, mama yangu akiwa wa pili kuingia, Mzee Ondiek akikohoa mlangoni. Mama Boke alichukua mwiko akautia katikati ya karai, na mwiko ukagonga: ko, ko, ko. Akauinua. Ulikuwa mfupa. Uti wa mgongo, mweupe, umekwanguliwa na kisu cha kiwandani hadi pasibaki nyama ya kumtosha paka. Kichwa kilikuwapo, mkia ulikuwapo, samaki hakuwapo. Wakati huo mifupa ile tuliijua kuwa chakula cha mbwa. Huyu mama aliifuata Homa Bay, akaificha kwenye gunia, akaipika kwa mlango uliofungwa ili binti yake asichekwe shuleni. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, nasi tulikuwa tumeivua sanda. Nyar Mfangano aliwatazama mmoja mmoja, kisha akasema kama mwenye nyumba yeyote anayekutwa mezani, "Mmepata chakula. Karibuni mle." Hakuna aliyekaa.

Kesho yake, baada ya kanisa, Atieno aliniuliza, "Ni wewe ulisema?" Nikasema si mimi. Akanitazama jicho langu la kulia, lile nililoliweka kwenye tundu, ambalo lilikuwa bado na alama ya kutu pembeni. Mwezi haukuisha kabla hawajahama, bila kufukuzwa na mtu. Baadaye Mzee Ondiek alianza kutuuzia maji ya mtungi kutoka kwenye mfereji wa uani kwake. Kichwa chake kilikuwa cha shaba. Tulipanga foleni, na hakuna aliyeingia kwake na mwiko. Miaka michache tu ikapita, na mtaa mzima ukawa unakula mifupa ile barazani, ikiitwa mgongo wazi, bila haya yoyote.

Leo naishi kwenye nyumba za ghorofa, zenye mlinzi getini na mita ya maji kwa kila mlango. Kila mtu hupika ndani, na hakuna anayejua jirani amekula nini. Juzi viatu vya mtoto vilipotea kwenye ngazi, na kabla ya saa sita simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe wa majirani kuhusu msichana wa kazi wa ghorofa ya tatu: ameonekana na mfuko, alishuka haraka, hakusalimu. Nikaandika, "Kuna aliyeona viatu ndani ya mfuko?" Nilishuka ghorofa ya tatu nikabisha hodi, na msichana akafungua kidogo tu, kiasi cha jicho moja. Nilitaka kumwambia sikuja kuchungulia. Kisha nikakumbuka kwamba hivyo ndivyo ningemwambia hata Atieno, kama angenifungulia mlango siku ile nilipokwenda kuomba moto.