Maji Yalipofika Jikoni Kwangu

Mimi ni mtu wa kelele. Nililelewa kwenye nyumba za wanajeshi, ambako anayeongea taratibu hakuna anayemsikia, na nadhani ndiyo sababu majirani zangu wa chini ya kilima cha Mbuya walinichagua niwe mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Si busara walizozifuata kwangu.

Kamati yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya maji. Kila mvua iliponyesha, uchochoro wetu uligeuka tope tupu, boda boda zikagoma kushuka, na wateja wakaishia juu barabarani. Aliyeumia kuliko wote alikuwa fundi cherehani, mama wa Kikongo, mlango wa tatu kutoka kwenye banda langu la chapati. Kwake maji yaliingia mpaka ndani. Msimu uliopita yalimharibia robota zima la kitambaa cha sare za shule. Sasa alikuwa amepata kazi nyingine ya sare, na alituambia waziwazi kwamba mtaro usipokuwa tayari kabla ya mvua kubwa, anahamia Kisenyi na cherehani zake zote. Angeondoka pia na wanawake wanne aliokuwa akiwafundisha kushona, na hao wanne ndio waliokuwa wateja wangu wa kila asubuhi. Nilimpenda huyo mama, lakini sitajifanya kwamba chapati sikuzifikiria.

Shirika moja lilikubali kutupa saruji na mawe. Kazi ya mikono ingekuwa yetu, na uamuzi pia. Injinia wao, mama wa makamo aliyevaa buti za mpira, akaja na mchoro uliochorwa ofisini huko Nakasero. Mtaro ulipita nyuma ya nyumba na kulizunguka banda langu kwa adabu zote. Tuliukataa, na aliyesimama kuukataa ni mimi.

"Madamu, wewe iko na karatasi, sisi iko na mvua," nilimwambia. "Maji ya hapa sisi ndio tunajua."

Watu wakapiga makofi. Nilijisikia vizuri mno.

Ndipo sajenti mstaafu, mzee anayetuuzia mkaa, alipotoa shauri. Mvua ikinyesha, tutoke wote nje, tuyafuate maji kwa miguu kutoka juu, na kila yanapopita tuchomeke kijiti. Njia ya vijiti ndiyo itakuwa njia ya mtaro. Mimi nikaongeza kwamba vijiti vikishasimama hakuna wa kubisha, awe nani. Tukapiga kura na mikono yote ikapanda juu. Kila mtu alikuwa na uhakika kwamba maji yangepita kwa jirani yake.

Mvua ikaja Jumanne asubuhi. Tulitoka na miavuli, mabeseni kichwani, wengine na mifuko ya saruji iliyokatwa matundu ya mikono. Sajenti alitembea mbele akitoa amri kana kwamba tunaenda kuuteka mji, nasi tukateleza nyuma yake tukicheka. Vijiti vilishuka vimenyooka vizuri, kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye ukuta wa banda langu. Hapo maji yakagonga, yakajaa, yakakata kona kushoto na kukimbia moja kwa moja hadi kwenye mlango wa fundi.

Sajenti alizunguka nyuma ya banda. Kule, kwenye mstari uleule, kulikuwa na mfereji wa zamani, mkavu.

"Mwenyekiti," akasema, "maji hii njia yake ni hapa kwako. Wewe ndio ulifunga."

Nilibisha. Nilibisha kwa muda mrefu kiasi kwamba mvua ilipungua nikiwa bado nabisha. Miaka minne nyuma nilikuwa nimeleta kifusi nikainua sakafu ya banda ili wateja wangu wakae pakavu, na hata siku moja sikujiuliza maji yangekwenda wapi. Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Hakuna wa kubisha, awe nani." Wakaangua kicheko wote. Mimi pia nikacheka, kwa hasira kwanza, halafu kweli. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama chini ya mwavuli wake akiangalia viatu.

Alhamisi nilipiga jembe la kwanza mwenyewe, kwenye sakafu ya banda langu. Mwezi mzima nilikaanga chapati kando ya njia chini ya turubai, huku majirani wakichimba na kupanga mawe, na injinia akichora upya bila kuninunia. Tulimaliza siku chache kabla ya mvua kubwa, tukaufunika mtaro, nami nikapata banda dogo upande wa pili.

Mvua hiyo ilipoanza kumwagika nilikimbia peku hadi kwa fundi. Sakafu ilikuwa kavu. Cherehani zote zilikuwa zinanguruma, na sare zimepangwa hadi dirishani. Nilifurahi nikakaribia kulia. Kisha nikamuuliza kitu kilichokuwa kikinisumbua tangu siku ya vijiti.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama. Tangu ile siku ulileta udongo."

"Mbona hukuniambia?"

Aliendelea kukanyaga cherehani. "Mimi ni mkimbizi. Kama ningesema, ungenijibia nini?"

Nilitaka kusema ningemsikiliza, lakini najijua. "Ningekuambia urudi kwenu," nikasema. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo, akanipa sketi nimshikie upindo.

Kikao kilichofuata nilitaka kujiuzulu. Walikataa, wakadai hawana mwingine wa kupigia ofisi kelele. Nikaweka sharti moja, kwamba fundi aongee kabla ya mtu yeyote. Akasimama, akarekebisha kitenge chake, akaanza. Aliongea kuhusu taa ya uchochoroni, choo, mbwa wa sajenti, kisha moshi wa jiko langu jipya. Kwa kila moja nilikuwa na jibu kali mdomoni, na kila moja nililimeza. Aliponyamaza nikamuuliza kama amemaliza.

Akasema bado.