Waya Zilizopakwa Sifa

Mkwe wangu alikuwa na pikapu iliyonuka kama ghala la papa, na hakuna mtu Bububu nzima aliyethubutu kumwambia. Alikuwa baharia, Mtumbatu, aliyeiacha bahari mvi zilipomjaa, akainunua gari ile kuukuu ili achukue nazi kutoka Mangapwani kuzipeleka mjini. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kumwoa binti yake, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio katika duka moja la Mlandege. Askari wa barabarani alipomzuia asiingie mjini mpaka taa na honi zifanye kazi sawasawa, aliniita mimi.

"Wewe si mtu wa umeme?"

"Naam, baba," nikajibu, kwa kujiamini zaidi kuliko nilivyostahili. Redio ni redio na gari ni gari, lakini nani anamwambia baba mkwe kwamba hajui?

Jumapili nikafungua boneti. Lahaula! Ukibonyeza honi, taa ya kushoto inawaka. Ukiwasha taa, honi inalia yenyewe mpaka uzime. Waya zote zilikuwa zimekusanywa pamoja kwa kamba ya usumba wa nazi, kwa mafundo ya kibaharia yasiyofunguka ila kwa kisu, na zote zilikuwa rangi moja, rangi ya halua. Nilipoishika moja, ganda lake la mpira likabaki vidoleni mwangu, limelainika, linanuka. Hapo nikaelewa. Mzee alikuwa amezipaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo mabaharia hupaka vyombo vyao mbao zisioze. Aliona waya nazo ni za kulindwa na chumvi, na mafuta yakaula mpira wote.

Nilicheka peke yangu mle ndani ya boneti, kisha kicheko kikanikatika. Kwa kweli nilimwonea huruma, maana alikuwa ameitunza gari ile kwa namna aliyoijua tangu ujana wake.

Mke wangu alikuwa barazani anasuka mkeka. Nikamwomba ukindu wa rangi, nikaifata kila waya kwa kidole kutoka kwenye betri mpaka mwisho wake, na kila niliyoijua nikaifunga alama: ukindu mwekundu kwa taa za mbele, wa kijani kwa honi, wa zambarau kwa taa za nyuma.

"Umeipamba kama bibi harusi," akanicheka.

Nikamwambia apunguze maneno akate ukindu mwengine. Nilikuwa na furaha, ila fundi mwenye furaha haonyeshi. Zilizooza nikazitoa, nikatia mpya, nikazifunga tepu. Jumapili ya pili, kabla ya adhuhuri, kila kitu kiliwaka kilipotakiwa kuwaka.

Mkwe wangu akaja kutazama. "Kitu gani kilichoziharibu?"

"Chumvi, baba. Upepo wa bahari."

Uongo ulinitoka kabla sijaufikiria, nami nikauona ni adabu.

"Nlijua!" Akapiga paja. "Nlipaka kidogo mno."

Akaingia uani, akatoka na debe la sifa na kitambaa. "Hizi mpya ntazipaka mara tatu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilizidi: haikufika hata mlango wa ua. Nikimwacha apake, mpira utayeyuka tena, waya zitagusana karibu na petroli, naye ndiye atakayekuwa nyuma ya usukani. Nikisema kweli, nimemwambia mzee kwamba ameiharibu gari yake kwa mkono wake, na nimejitangaza mwongo papo hapo. Alikuwa ameshachovya kitambaa.

"Baba, nisamehe. Si chumvi. Sifa ndiyo iliyoziyeyusha. Mpira hauyataki mafuta."

Alisimama na kitambaa kikidondosha mafuta juu ya mguu wake.

"Mbona ulinambia chumvi?"

"Nlikuonea haya, baba."

"Ungenionea haya mpaka nkaungua?"

Akaliweka debe chini, akapanda garini, akawasha taa, akazima, akapiga honi mara tatu. Kisha akashuka akaenda kunawa bila ya kunitazama.

Tangu nioe, kila nikifika nyumba ile nilitandikiwa mkeka chumba cha mbele, nikaletewa sinia lililofunikwa kawa, nikala kwa heshima zote za mgeni, huku wenyewe wakila uani na kucheka. Siku ile nami nikanawa, nikaenda kukaa palepale kwenye mkeka, nikiwa na hakika nimejiharibia. Sinia halikuja. Nikasikia vyombo vinagongana uani, na bado halikuja.

Mwishowe mkwe wangu akachungulia mlangoni, uso umekunjamana.

"Unangoja nini hapo? Chakula kipo jikoni. Kajipakulie, na mimi unipakulie."