Jicho Moja la Bi Chausiku

Mama yangu anaitwa Chausiku binti Kondo. Amezaliwa Mtoni, hapa hapa Temeke, ameolewa Mtoni na baba yetu tumemzika Mtoni. Kazi yake ni kushona kofia za mkono. Anatoboa vitundu vidogo kama punje ya ufuta, kisha kila kitundu anakizungushia uzi, na kofia moja inaweza kumchukua miezi mitatu. Wanaume wa huku kwetu wakikutana msikitini Ijumaa wanaijua kofia ya Bi Chausiku bila kuuliza. Mimi nimeishia darasa la saba na yeye hakwenda shule kabisa, lakini sijamwona mtu wa kumfundisha mama yangu kuhesabu vitundu.

Mpaka anafika miaka sitini na sita hakuwahi kumwomba mtu amtungie uzi kwenye sindano. Siku aliponiita, "Naima, hebu njoo unitungie," nilijua kuna jambo. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaondoka na presha ya jicho, hata mwanga wa taa halioni. La kulia nalo likaanza ukungu. Akawa ananitambua kwa mwendo, na chai anaimimina kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa.

Hospitali wakatuambia la kushoto halina tiba tena, ila la kulia lina mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa. Mama alikubali pale pale. Mwenye hofu nilikuwa mie. Mtu mwenye macho mawili mabovu likiharibika moja anabakiwa na jingine. Mama alikuwa na hilo moja tu. Likiharibika, ameingia gizani, na kofia ndiyo basi tena.

"Mama, tungoje kidogo," nikamwambia.

"Tungoje nini? Nizeeke? Nimeshazeeka."

Siku ya upasuaji nilikaa nje kwenye benchi, khanga nimeiuma kwa meno. Haikupita hata nusu saa wakamtoa, jicho limefunikwa kwa pamba na kingio cha plastiki, anatembea mwenyewe ameshikwa mkono na nesi. Nesi yule alikuwa anacheka mpaka machozi. Anaitwa Felicitas, mtu wa Bukoba, mwanamke mpana mwenye sauti ya juu.

"Mama yako huyu! Ameshapigwa sindano ya ganzi, kitambaa kiko usoni, anamuuliza daktari atashona kwa uzi namba ngapi!"

Mama hakucheka. "Kaniambia hashoni. Eti kidonda kidogo, kinajifunga chenyewe. Naima, wewe umeona wapi kazi ikaachwa bila uzi isifumuke?"

"Haifumuki, bibi," Felicitas akamwambia, "ukifuata masharti."

Masharti alitupa kesho yake, tuliporudi kufunguliwa. Matone ya dawa mara nne kwa siku, na mikono inaoshwa kwanza. Maji yasiingie jichoni. Asijikune. Asiiname, asinyanyue ndoo, asikae kwenye moshi. Kulala, avae kile kingio ili asijifikiche usingizini. Mchana avae miwani myeusi, kwa sababu mwanga utamuumiza. Akatuambia pia jicho litawasha kama lina mchanga, litatoa machozi na kuwa jekundu kidogo, na huko ni kupona. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, wekundu ukiongezeka, au akianza kuona vibaya kuliko jana, tusingoje kesho.

Niliyashika kichwani yote, na nikayaandika nyuma ya daftari la mjukuu wake.

Pamba ilipotolewa, mama alitazama dirisha, akamtazama Felicitas, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nalia. Yeye alikuwa anakagua.

"Rangi ya buluu imerudi," akasema. "Nilikuwa naiona kama majivu."

Tulipofika nyumbani alisimama mlangoni, akainua kichwa taratibu kama alivyoelekezwa. "Ule pale ni utando wa buibui. Na ule. Na kule kwenye kona. Na ninyi kila siku mnaniambia nyumba mmeipiga deki!"

"Deki ni chini, mama."

"Basi juu mmemwachia nani?"

Siku hiyo nilifagia dari huku yeye amekaa uani na miwani yake myeusi kama mtu mkubwa, ananielekeza.

Masharti mengine aliyameza kirahisi. Sharti moja lilimkwama, la kuinama. Mama hajaacha sala tangu utoto, na kusujudu bila paji la uso kugusa mkeka aliona si kusujudu. Alibishana nami siku nzima. Mwisho nikamleta Maalimu Mudathir, anayesomesha watoto Kurani chuoni kwetu, akamkuta mama amenuna.

"Bi Chausiku, mgonjwa anasali kwa anavyoweza. Kaa kwenye kiti, inamisha kichwa kidogo tu. Uso, ukitawadha, pangusa pale pasipo na dawa, jicho usiliguse."

"Na Mungu atanielewa?"

"Wewe ndiye usiyeelewa," Maalimu akamjibu, na mama akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kuanzia hapo akawa anasali kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka.

Matone nayo alijitafutia utaratibu wake. Hasomi saa vizuri, na hakupenda kuniuliza kila mara kama ameshatia. Akakata nyuzi nne za kushonea, akazining'iniza msumarini karibu na kitanda. Kila tone, uzi mmoja unatoka. Jioni msumari uwe mtupu. Nilipoona vile nilifunga lile daftari. Utaratibu wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na haukuhitaji kalamu.

Tukaenda hivyo siku tano. Jicho likawa linatakata, kila asubuhi ananiambia ameona nini kipya. Siku ya sita nilikwenda Tandika sokoni. Nilimwacha na mgeni, Bi Raudha, shoga yake wa tangu usichana, aliyekuja kumpa pole na pongezi. Nikashukuru angalau mtu wa kukaa naye amepatikana.

Nilirudi alasiri. Bi Raudha ameshaondoka. Mama amekaa kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Nikaweka kikapu chini, nikatoa mchicha, nikatoa nyanya. Hakuuliza bei. Mama yangu asipouliza bei ya mchicha, ujue anaumwa.

"Mama, vipi?"

"Usingizi tu."

Nikatazama msumari. Nyuzi tatu bado zinaning'inia, na saa hizo ulitakiwa ubaki mmoja. Nikamwambia avue miwani. Alikataa, kisha akavua. Jicho lilikuwa jekundu kama limepakwa pilipili, na kope zimevimba.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Nimeshika vidole vingapi?"

Akageuza uso ukutani. Sikuwa nimenyoosha kidole hata kimoja. Nilikuwa nimeshika nyanya.

Sikumbuki nilivyofunga mlango. Nakumbuka nimemfunika khanga kichwani, nimemshika kiuno, nimempandisha bajaji, na njia nzima namwambia dereva aende mbio na asirukie mashimo, mambo mawili yasiyowezekana pamoja. Nilimuuliza mara tatu nini kimeingia jichoni. Akavuta khanga usoni.

Tulipofika hospitali walikuwa karibu kufunga kliniki. Felicitas alimtazama mara moja tu, sauti yake ya juu ikashuka.

"Mmeweka kitu gani zaidi ya dawa tuliyowapa?"

Nikaona watu wote kwenye benchi wametugeukia. Nilikuwa nimeshaanza kuhisi ni nini, maana Bi Raudha alitoka hija mwaka jana na kila anapokwenda hakosi kichupa. Nikaona aibu ya mama, nikaona aibu ya Bi Raudha, na nikaona huyu nesi ni Mkristo, atatuelewaje? Nikasema, "Labda ni vumbi, dada."

"Naima." Mama alinyoosha mkono hewani akanitafuta, akanishika kifundo cha mkono. "Usimdanganye anayenitibu. Si vumbi. Nimetiliwa maji ya zamzam. Nilitaka mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Yalipoingia yakachoma, nikaona haya kusema. Dawa nikaiacha, nikidhani maji yatatosha."

Bwana mmoja mwenye kofia akatazama chini. Mimi nilingoja Felicitas apaze sauti.

Hakupaza. Aliinama mbele ya mama. "Bibi, hayo maji yamekaa kwenye chupa tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kwenye kabati la Raudha."

"Maji hayana kosa. Yangekuwa ya kwetu kanisani ningekwambia hivyo hivyo. Chupa ikifunguliwa na kufungwa mwaka mzima inaota wadudu, na jicho lako sasa hivi ni kidonda. Maji yale ni ya kunywa." Akasimama. "Umesema vizuri. Wenzako wengi wanatuambia vumbi, sisi tunatibu vumbi, jicho linakufa."

Akamwita daktari, na daktari hakukawia. Alimweka mama kwenye ile mashine ya kuwekea kidevu, akatazama muda mrefu, mimi nimesimama nyuma nahesabu pumzi zangu. Akasema wadudu wameanza kuingia lakini hawajafika mbali. Ilibidi mama alazwe, atiwe dawa kali kila saa. Tungechelewa siku moja, alisema, asingekuwa na la kutuahidi.

Alilazwa siku nne. Nililala sakafuni pembeni ya kitanda chake. Kila saa anaamshwa, kila saa anafungua jicho mwenyewe bila kushikwa, na hakulalamika hata mara moja. Siku ya tatu aliniambia, "Kucha zako ndefu, zikate." Nikajua anaona.

Bi Raudha alikuja wodini siku ya mwisho, amejifunika mpaka puani, hajui akae au asimame. Alikuwa ameshasikia maneno mtaani. Mama alimwita akae kitandani.

"Raudha, umeleta maji?"

"Usinitie aibu, Chausiku. Siku nne silali."

"Nauliza umeleta maji. Nina kiu. Nataka kuyanywa."

Bi Raudha akacheka huku analia, akatoa kichupa mkobani. Mama akanywa, akapiga dua. Kisha akamwambia mbele yangu, "Na wewe ukienda kwa watu, waambie yaliyonipata. Usimfiche mtu. Mie mwenyewe nitasema."

Na kweli alisema. Alipopata nafuu, alisema chuoni kwa akina mama, alisema kwenye harusi ya jirani, na aliwahi kumsimamisha mwanamke asiyemjua, aliyefungwa pamba jichoni, akamhoji kama polisi. Mimi pale mwanzo nilikuwa nataka kuficha. Nilimsikia mama anavyolitaja kosa lake waziwazi, kwa sauti ya mtu asiyedaiwa na yeyote, nikajiona mdogo, na nikajisikia fahari kuwa nimezaliwa na yeye.

Wiki sita zilipotimia tangu alazwe, tulirudi kupima. Ukutani pana ubao wenye alama, mtu anaonyesha kwa mkono alama imeelekea wapi, juu, chini, kulia au kushoto, kwa hiyo hata asiyesoma anapimwa. Mama alianza mstari wa juu, akashuka, akashuka. Felicitas akaonyesha mstari wa pili kutoka mwisho, mama akaupatia wote.

"Bibi, unakisia?"

"Mie nimetoboa vitundu miaka arobaini. Sikisii."

Wakampa miwani ya karibu, maana ile lenzi waliyomwekea ndani ya jicho siku ya upasuaji inaona mbali, na kazi ya mkononi inataka kusaidiwa. Aliipokea kama cheti.

Tulipofika nyumbani hakutaka hata chai. Alinituma nimletee kofia ya mume wangu, ile aliyomshonea mwaka juzi wakati ukungu umemzidi, alipokuwa anashona kwa kupapasa. Ile kofia sote tulikuwa tunaijua. Upande mmoja ua limekaa sawa, upande wa pili limepinda, na mahali pamoja vitundu viwili vimeungana. Mume wangu aliivaa Ijumaa zote na hakuna aliyefungua mdomo.

Mama akavaa miwani. Akaizungusha kofia kidoleni, polepole, mzunguko mzima.

"Mlikuwa mnaiona hii?"

"Tulikuwa tunaiona, mama."

"Na mumeo akaivaa mbele za watu."

"Aliivaa. Na alikuwa anajisifu kwayo."

Nilidhani atalia. Mama alivuta kikapu chake, akatafuta wembe, akaanza kukata nyuzi za lile ua lililopinda, uzi mmoja mmoja, bila kugusa kitambaa. Nilikuwa nimesogea karibu mno, nimeinamia mikono yake kama mtoto.

"Naima," akasema bila kuinua kichwa, "ondoka hapo, unanizibia mwanga."