Magharibi ya Saa Tano Asubuhi

Nianze na ujinga wangu kabla wengine hawajaniwahi: nilimwadhinia babu yangu magharibi saa tano asubuhi ili nikacheze mpira.

Babu ni baba yake mama. Alitoka Tanga zamani, akashona nguo hapa Johannesburg mpaka macho yakachoka. Baada ya macho, akili nayo ikaomba likizo. Tangu hapo, kwake kila siku ni Ramadhani. Ukimpelekea uji asubuhi anakutazama kama umemletea nguruwe. Na ana sukari. Dawa zake zinataka chakula, na akishinda njaa anaanguka. Mara moja alianguka bafuni akachanika juu ya jicho.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yangu. Wenzangu wananipigia mluzi huko chini, babu kafunga mdomo. Nikavuta mapazia, nikafungulia adhana kwenye simu. Mzee akasema alhamdulillahi, akala tende, akamaliza uji, akameza dawa, akaswali. Sharp, mambo safi! Nikashuka ngazi mbiombio.

Kosa la pili lilikuwa kujisifu. Mjomba, anayekuja kutoka Midrand kila Jumapili kutupa amri, alifurahi mpaka akaniomba nimtumie ile adhana. Haikupita wiki, nyumba nzima wanaadhini. Adhana ya dawa, adhana ya chakula cha mchana, na adhana ya kumlaza mapema ili watu watazame mechi kwa raha, na Jumapili mjomba akiwemo. Babu akawa anafuturu mara tatu kwa siku.

Siku moja nikamkuta kitandani analia. "Mjukuu wangu, siku zinakwenda mbio. Jua linakuchwa, sijakaa vizuri linakuchwa tena. Kiama hiki."

Eish. Hapo utani ukaniishia.

Jumapili wakakaa kikao sebuleni, babu yuko katikati yao, wanamjadili kama friji lililoharibika. Mjomba akasema mapazia yafungwe moja kwa moja, asijue usiku wala mchana.

"Mjomba, muulizeni mwenyewe," nikasema.

"Tumuulize nini? Mzee hana akili timamu. Tunaamua sisi."

"Kwani ninyi mmeamua nini? Mmeiba jua tu!"

"Nyamaza! Si wewe uliyeanza?"

Kweli, ni mimi. Ndiyo maana nilizidi kuwaka. Nikapiga magoti mbele ya babu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Babu, mgonjwa wa kudumu, asiyeweza kufunga, anafanyaje?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyepotewa na akili. "Chuoni kwa maalimu ulikuwa unakwenda kulala? Anatoa fidya. Kila siku amlishe maskini mmoja, na yeye mwenyewe ale."

"Na wewe je, babu? Unaumwa?"

Akagusa lile kovu juu ya jicho. "Naumwa," akasema. "Sasa hicho chakula cha maskini kinapikwa, au mmekaa tu?"

Mwaka mzima hakuna aliyemsikia akiamua kitu. Mama alitoka jikoni na sahani ya pilau. Babu akaibeba mwenyewe, mkono mmoja begani kwangu, tukashuka ghorofa tatu mpaka kwa mlinzi wa geti, Mkongo mpana kama kabati.

"Aksanti sana, papa," mlinzi akasema, akaanza kula palepale.

Tukapanda. Babu akala mchana kweupe, mapazia wazi, dawa akaidai mwenyewe.

"Lakini hii hata si Ramadhani," mjomba akanung'unika. Sawa, kalenda ya mzee ina matatizo. Ila jibu lilikuwa lake, halikutoka kwenye simu ya mtu.

Nilidhani nitapongezwa. Mama akainyooshea kidole simu yangu.

"Futa hiyo adhana, nikiona. Kesho, kabla ya mpira wako, utamuuliza babu yako anamlisha nani na anampa nini. Na akikwambia hataki, uje uniambie mimi. Usimtafutie jua jingine."